Shajara ya mradi: mita za mraba 60 za maua ya porini

Eneo lina urefu wa mita 10 na upana wa mita 6, kwenye ukanda wenye masika na vuli, mwinuko wa mita 1,400 hivi. Kabla ya mradi lilikuwa ukoka mtupu, na ndago kwenye kona ya chini. Lengo ni kulifunika kwa maua ya asili ya Afrika Mashariki ambayo yakishashika hayadai tena keni ya maji.

Gharama zimeandikwa kwa saa, lita na gramu, maana bei ya leo haimsaidii anayeanza mwakani. Maingizo ya nyuma hayafutwi hata yanapoaibisha. Penye kosa, sahihisho liko kwenye tarehe ya mbele.

6 Januari. Kupima eneo

Kivuli cha ukuta wa mashariki huondoka saa tatu asubuhi, kisha ni jua tupu hadi saa kumi na moja jioni. Inatosha.

Udongo ulijazwa theluthi ya chupa ya lita moja, ukaongezwa maji, ukatikiswa na kuachwa utulie. Mchanga ulituama ndani ya dakika moja, tope laini ndani ya saa mbili, mfinyanzi siku ya pili yake. Katika sentimita 10 za udongo, mchanga ni 5.5, tope 2, mfinyanzi 2.5. Shimo la sentimita 30 kwa 30 lilijazwa maji, likakauka, likajazwa tena; mara ya pili maji yalishuka sentimita 6 kwa saa. Yangeshuka chini ya 2.5 tungelazimika kuinua matuta.

Eneo limegawanywa: kipande A mita za mraba 24, B 24, C 12. Saa 5.

9 Januari. Orodha ya mimea, na iliyoachwa nje

Imeingia: Aspilia mossambicensis (maua ya njano, hudumu miaka), Leonotis nepetifolia (mafungu ya rangi ya chungwa yaliyolizunguka shina, ya msimu mmoja), Crotalaria laburnifolia, kivumbasi (Ocimum gratissimum), mgagani (Gynandropsis gynandra), Gomphocarpus fruticosus, Pentas lanceolata kwa miche, na viazi 6 vya Gloriosa superba kutoka kwa mkulima wa maua anayevizalisha mwenyewe.

Kazi hasa ilikuwa kukata majina. Mimea mingi inayopamba kingo za barabara na kuitwa ya porini ni wageni. Tithonia diversifolia, Lantana camara, Cosmos sulphureus na bangi mwitu (Tagetes minuta) zote asili yake ni mabara ya Amerika, na Tithonia na Lantana ni vamizi wa kuogopwa. Mmea kujiotea wenyewe si ushahidi kwamba ni wa hapa. Utaratibu wetu: jina la kisayansi kwanza, halafu asili yake, ndipo mbegu.

Kiduha (Striga hermonthica) ni mwenyeji halisi na ua lake la waridi linavutia, lakini ni kimelea cha mahindi na mtama, mbegu zake ni vumbi, na hukaa udongoni miaka mingi zikimsubiri mwathirika. Haiingii. Viatu vilivyokanyaga shamba lenye kiduha navyo vioshwe kabla ya kuvuka uzio.

Tuliletewa mishubiri (Aloe) mitatu iliyochimbwa porini, tukaikataa. Aloe zote za porini zimo kwenye orodha za mkataba wa CITES za kudhibiti biashara ya kimataifa, isipokuwa Aloe vera. Na hata pale sheria isipogusa, bustani ya mimea ya asili inayoanza kwa kutoboa mashimo porini imeanza kinyumenyume.

Gloriosa imekubaliwa kwa masharti: sehemu zake zote zina kolchisini, kiazi zaidi, na sumu hiyo huua. Itakaa nyuma ya waya, na glavu wakati wa kuishika.

Mbegu nyingine tulikusanya wenyewe Agosti iliyopita na mwanzoni mwa mwezi huu, kwa ruhusa ya wenye ardhi, tukichukua si zaidi ya sehemu moja ya kumi ya zilizokomaa, na kutoka mimea mingi kadiri ilivyopatikana. Kuchuma zote kwenye mmea mmoja mnono ni rahisi, ila unapata ndugu watupu. Kukusanya na kusafisha: saa 26.

14 Januari hadi 27 Februari. Kuua magugu kabla ya kupanda

Usipande mpaka hatua hii iishe. Udongo wowote uliolimwa una akiba ya mbegu za magugu, na mche wa ua la porini hukua polepole kuliko zote.

Kipande A kilichomwa kwa jua. Ukoka uling'olewa, udongo ukasawazishwa, ukanyweshwa lita 600 (sawa na mvua ya milimita 25), ukafunikwa kwa plastiki angavu iliyobana udongo, kingo zikazikwa kwenye mtaro wa sentimita 15. Lazima iwe angavu: nyeusi hujipasha yenyewe na kuacha udongo chini yake ukiwa na joto kidogo. Lazima pia udongo uwe na maji, kwa sababu unyevu ndio unaoshusha joto chini, na mbegu iliyovimba hufa upesi kuliko kavu.

Kosa: plastiki ilikuwa nyembamba, ya kufungia bidhaa, isiyokingwa dhidi ya miale ya jua. Wiki ya 5 ikaanza kumeguka kama ganda la yai. Saa 4 zikaenda kuokota vipande, na bado vingine vinaonekana. Atakayeiga atafute plastiki ya nyumba za kuoteshea.

Kipande B kilidanganywa. Kumwagilia lita 120, kungoja siku 10 magugu yaote, kuyakwangua kwa jembe lenye makali saa nne asubuhi yakaukie hapohapo, kisha kurudia. Kina cha kukwangua kisizidi sentimita 2. Ukichimba zaidi unapandisha juu mbegu mpya na kuanza upya. Tulihesabu miche ndani ya fremu ya nusu mita kwa nusu mita: mzunguko wa kwanza 140, wa pili 61, wa tatu 18. Saa 14 dhidi ya 9 za A, lakini hakuna takataka iliyobaki.

Kipande C kilikwanguliwa mara moja, kisha kikapewa toroli 4 za samadi. Sababu iliyoandikwa siku hiyo: "kuipa mimea mwanzo mzuri." Tazama 14 Mei na 9 Julai.

Ndago imestahimili yote mawili, jua na kukwangua. Viazi vyake vimeunganishwa kwa nyuzi kama shanga. Jembe likikata uzi, kila kiazi kilicholala huamka na kutoa shina lake. Wiki ya kwanza tulilima kona ile kwa bidii, na baada ya siku 12 mashina yalikuwa mengi kuliko mwanzo. Sasa tunatumia jembe uma: linashushwa sentimita 20, udongo unainuliwa mzimamzima, mnyororo unafuatwa kwa vidole mpaka mwisho. Yanayochipuka baadaye yanakatwa kila baada ya wiki 2 kabla hayajarudisha chakula chini. Saa 22 kwa mita za mraba 7, na hazijaisha.

2 Machi. Majaribio ya kuota

Mbegu 50 za kila aina, kwenye karatasi ya shashi iliyoloa, ndani ya sahani yenye mfuniko, siku 21.

Crotalaria bila kutendewa chochote: 9. Zilizosuguliwa kati ya karatasi mbili za msasa mpaka mng'ao ukapotea: 41. Zilizomwagiwa maji yaliyochemka, yakaepuliwa na kuachwa yapoe kidogo kwanza, kisha zikalala humo usiku kucha: 33. Zilizotumbukizwa kwenye sufuria ikiwa bado motoni kwa dakika 2: 0. Zilipikwa. Kwa njia ya maji, zinazovimba asubuhi ziko tayari, zisizovimba hurudiwa.

Mgagani wa Januari: 3. Wa Agosti iliyopita: 38. Mbegu mbichi ya mgagani hulala miezi kadhaa baada ya kuvunwa, na mwanga nao huizuia kuota. Sahani yake ifunikwe kitambaa cheusi. Wengi huitupa wakidhani imeoza.

Pentas ni kinyume chake. Zilizofukiwa sentimita 1 hazikutoka hata moja. Zilizonyunyizwa juu ya udongo na kubanwa kwa ubao ziliota ndani ya wiki 2. Mbegu ndogo kama unga haina akiba ya kusukuma udongo. Miche 40 inaendelea kwenye trei, na itakunywa lita 140 mpaka itoke.

Aspilia 27, Leonotis 36, kivumbasi 31 (ikiloa hujizungushia ute, usiichanganye na maji), Gomphocarpus 34. Saa 6.

24 Machi. Kusia

Kipimo: gramu 3 za mbegu kwa mita ya mraba, jumla gramu 180. Aspilia 60, Crotalaria 40, Leonotis 30, mgagani 20, kivumbasi 15, Gomphocarpus 15. Nusu yake, gramu 90, imesiwa leo. Nusu imerudi kwenye kopo. Huo ndio uamuzi mmoja wa mwezi huu ambao hatuujutii.

Mbegu huchanganywa na mchanga mara 10 ya ujazo wake ili mkono uone ulikopita, kisha zinamwagwa mara mbili: kwanza kwa urefu, halafu kwa upana. Hazifukiwi. Zinakanyagwa juu ya ubao zigusane na udongo, na kutandazwa nyasi kavu kidogo, udongo uonekane bado.

Kosa la kwanza: mchanga ulikuwa mkavu kabisa. Ndoo ikitikisika, mbegu nzito za Crotalaria zilizama na zile nyepesi zikaelea, hivyo mwanzo wa mstari umepata Aspilia tupu na mwisho wake Crotalaria tupu. Mchanga uloweshwe kidogo tu, ushikamane na mbegu. Au, vizuri zaidi, mbegu za kila uzito zimwagwe peke yake.

Kosa la pili: nyasi za kutandaza zilikatwa zikiwa na masuke.

Viazi vya Gloriosa vimelazwa kwa ubavu, sentimita 8 chini. Vinne kati ya 6 vilifika vikiwa vimevunjika ncha, kwa kuwa vilibebwa ndani ya gunia pamoja na zana. Chipukizi la kiazi hiki liko nchani tu. Ncha ikivunjika, kilichobaki ni chakula kisicho na mlaji. Vibebwe kwenye kasha la mchanga mkavu. Saa 7 kwa kazi yote.

11 hadi 13 Aprili. Mvua ya kudanganya

Kabla ya kusia zilikuwa zimenyesha mvua mbili, milimita 14 na 9. Tukaridhika. Baada ya hapo siku 12 za jua kali. Aspilia na mgagani vilikuwa vimetoa majani mawili ya kwanza; karibu vyote vimekauka. Tulimwagilia mara 3, lita 300 kila mara, tukaokoa labda robo.

Unyevu tulipima kwa macho. Kisu kilipochomekwa leo kwenye sehemu ambayo haikumwagiliwa, udongo wenye maji uliishia sentimita 6. Kanuni mpya: kisu kitoke na udongo unaonata mpaka sentimita 15, ndipo kopo lifunguliwe.

Hasara kubwa zaidi ilikuwa Crotalaria, na hiyo tuliitengeneza kwa mikono yetu. Gramu zote 20 zilipitishwa kwenye msasa, kwa sababu jaribio la tarehe 2 lilionyesha 41 kuwa bora kuliko 9. Kwenye sahani ndivyo. Shambani, ganda gumu la kila mbegu ndilo linalofanya mbegu za mmea mmoja zitoke moja leo, mbili mwezi ujao, nyingine mwakani, ili ukame mmoja usizimalize. Sisi tuliziamsha zote siku moja tukazipeleka juani pamoja.

Usiaji wa pili, 13 Aprili, baada ya mvua ya milimita 38: gramu 90 zilizobaki. Crotalaria nusu imesuguliwa, nusu imeachwa ilivyo. Mchanga umeloweshwa. Nyasi za kutandaza zimekung'utwa juu ya turubai kwanza.

14 Mei. Palizi iliyong'oa maua

Wapaliliaji wawili walisafisha mita za mraba 3 za kipande B vizuri sana. Walichong'oa ni Aspilia, wakiidhania kishona nguo (Bidens pilosa).

Tofauti, kwa atakayepalilia: majani-mbegu (mawili ya kwanza kabisa) ya kishona nguo ni marefu na membamba kama utepe, na majani yanayofuata yamegawanyika. Majani-mbegu ya Aspilia ni mafupi na mapana, majani yanayofuata ni mzima, yamekaa mawili mawili, yana mishipa mitatu inayoanzia karibu na kikonyo, na ukiyapapasa yanakwaruza kama msasa. Leonotis hutambulika kwa shina la pembe nne hata likiwa na urefu wa kidole.

Suluhisho lilipaswa kuwepo tangu Machi: trei ya kumbukumbu. Mbegu 20 za kila aina husiwa kwenye udongo uliopashwa moto kuua magugu, na jina lake. Trei inakaa kando ya bustani; kisichofanana na kilichomo hakiponi, kinachofanana hakiguswi. Tumeitengeneza sasa, wiki 7 baadaye.

Namna ya kung'oa nayo imebadilishwa. Kuvuta gugu kunapasua udongo na kuinua mbegu nyingine. Magugu ya msimu mmoja tunayakata kwa mkasi usawa wa ardhi. Mbali na ndago, ukoka pekee ndio unaochimbwa, na kila pingili yake inayobaki ni mmea.

Kipande C kina gugu karoti (Parthenium hysterophorus), miche 60 na zaidi, ilhali A na B hazina hata mmoja. Ilikuja na samadi ambayo haikuwa imeiva. Rundo lisilopata joto la kutosha linatunza mbegu badala ya kuziua. Gugu hili husababisha vipele na kuwasha kwa ngozi, na chavua yake huwasumbua wenye pumu. Glavu, mikono mirefu, na ling'olewe kabla ya ua jeupe la kwanza, mzizi na vyote. Tulifika mimea 5 ikiwa tayari imechanua. Imefungwa kwenye mfuko na kuchomwa.

Palizi hadi leo: saa 31.

9 Julai. Kipande C kimelala

Leonotis ya C ina urefu wa mita 1.9 na shina laini. Mvua ya usiku wa tarehe 6 imeilaza yote juu ya Aspilia. Leonotis ya B, tarehe ileile ya kusiwa, ina mita 1.2, imesimama, na ina mafungu ya maua mengi zaidi kwa kila shina. Nyasi za C zimefika magotini. Kivumbasi hakionekani.

Ndiyo kazi ya samadi hiyo. Mimea hii imezoea udongo maskini, na nitrojeni ikiongezwa wanaofaidi ni wale wanaojua kuitumia haraka, yaani nyasi na magugu. Ua la porini likishiba huenda majani.

Urekebishaji: vyote vimekatwa, mabaki yameondolewa (yakiachwa yanarudisha rutuba ileile), kisha sentimita 3 za vumbi la mbao zisizotiwa dawa zikachanganywa kwenye sentimita 10 za juu. Vijidudu vya udongo vinavyoozesha mbao huhitaji nitrojeni na huivuta kutoka udongoni. Kwa mkulima wa mboga hilo ni kosa. Hapa ndilo linalotakiwa. Kipande kitakaa hivyo mpaka vuli. Saa 11, kurekebisha kosa lililochukua saa 4 kulifanya.

25 Julai. Wageni wanaokula

Gomphocarpus 6 kati ya 19 zimebaki vijiti. Wanaokula ni viwavi wenye mistari myeusi, myeupe na ya njano, na pembe laini jozi tatu: kipepeo Danaus chrysippus. Utomvu wa mmea unawapa sumu inayowafukuza ndege. Hawapuliziwi dawa, kwani mmea ulipandwa kwa ajili yao, na baada ya wiki 3 vijiti huchipua. Wenye kuogopa kubaki bila maua wapande kuanzia 15. Vidukari vya njano kwenye vikonyo (Aphis nerii) huangushwa kwa maji ya keni yenye nguvu. Tulivifanyia hivyo kwenye mimea 2 na kuiacha mingine, na baada ya siku 10 wadudu-kibibi walikuwa wameshasafisha ile iliyoachwa. Hatukurudia. Utomvu mweupe usiingie machoni.

Maua ya Crotalaria hufunguliwa na nyuki wakubwa weusi wanaotoboa mbao. Nyuki wadogo hawana uzito wa kulibonyeza. Maganda mabichi yanaliwa na viwavi vya nondo Utetheisa pulchella. Tumekubali kupoteza theluthi.

Ndege chozi wamefika kwenye Leonotis tangu tarehe 12, wanne kwa asubuhi.

Onyo: mabaki ya Crotalaria yasipewe mbuzi wala ng'ombe. Jenasi hii ina alkaloidi zinazoharibu ini, na mbegu ndizo mbaya zaidi.

2 Septemba. Kuvuna mbegu

Crotalaria ikivunwa kabla ganda halijachakacha, mbegu hunywea. Mgagani unavunwa ganda likiwa la njano. Likifika kahawia limeshapasuka na kumwaga. Vichwa vya Leonotis vina miiba, glavu nene. Gomphocarpus hufungwa mfuko wa kitambaa kabla ya kupasuka, na sufi yake hutolewa nje, siku isiyo na upepo.

Vyote vilikaa kivulini siku 14 kwenye mifuko ya karatasi. Fungu moja la Aspilia lililowekwa kwenye plastiki "kwa siku mbili tu" limeota ukungu na kutupwa, gramu 70 hivi. Crotalaria zilizokauka zimekaa kwenye friza wiki moja ndani ya chupa iliyofungwa, kuwaua fukusi walio ndani ya mbegu. Zikiwekwa zikiwa na unyevu, baridi inaziua zenyewe. Saa 12.

4 Novemba. Vuli, na nyasi

Kisu kilionyesha sentimita 17 za unyevu, kwa hiyo mapengo ya A na B na kipande chote cha C yamesiwa gramu 40 za mbegu zetu. Miche ya Crotalaria ambayo haikusiwa leo inatokea kwenye B: ni zile za Aprili zisizosuguliwa.

Maua bila nyasi huacha udongo wazi, na palipo wazi ndago hurudi. Nyasi iliyochaguliwa ni Themeda triandra, inayoota kwa mashungi na kuacha nafasi katikati, si kama ukoka. Mbegu zake zilikusanywa Januari, na ni kapi nyingi: kati ya suke 50 zilizopasuliwa kwa wembe, 21 hazikuwa na kitu. Suke linabonyezwa kwa kucha; likibonyea, tupa. Ni nyasi ya nyika zinazoungua, na moshi huiamsha. Trei ziliwekwa saa moja ndani ya pipa linaloingizwa moshi uliopoa wa nyasi kavu kupitia bomba la mita 2. Matokeo kwa mbegu 50: bila moshi 7, kwa moshi 19. Zile zilizomwagwa ardhini bila trei zilibebwa na sisimizi ndani ya siku 2, kwa hiyo sasa tunapanda miche tu, mmoja kila sentimita 50.

18 Januari. Kufyeka, na hesabu ya mwaka

Theluthi mbili zimefyekwa kwa kimo cha sentimita 15 baada ya mbegu kudondoka, na mabaki yametolewa nje. Theluthi moja imesimama: nyuki wapweke hutumia mashina makavu ya Leonotis, na ukikata yote unawafukuza. Mwakani theluthi nyingine itaachwa.

Saa: kupima 5, kipande A 9 na plastiki iliyomeguka 4, B 14, C 4, ndago 22, kukusanya mbegu 26, majaribio 6, kusia 7, palizi 48, kurekebisha C 11, kuvuna 12, kufyeka 6. Jumla 174. Maji: A lita 600, B 360, ukame wa Aprili 900, miche ya Pentas 140. Jumla lita 2,000, na tangu Mei, ukiacha maji ya kuangusha vidukari Julai, hakuna hata tone lililotoka kwenye keni kwenda bustanini.

Kwa eneo jipya la ukubwa huu tungefanya kama B kote, mizunguko minne badala ya mitatu, bila plastiki na bila samadi.

Kona ya ndago ilikuwa na mashina 212 Machi. Leo ni 37.

Gloriosa: viazi 2 vyenye ncha vilichipua Aprili, kimoja kikachanua Juni, vyote vikakauka Septemba, kama kawaida yake. Kiazi cha zamani huisha na vipya hujitengeneza mahali pake, kwa hiyo vijiti vya alama vimeachwa palepale, na pasichimbwe kabla ya masika. Vinne vilivyovunjika vilifukuliwa leo. Vitatu vimeoza. Cha nne ni kigumu bado, kimerudishwa chini.